Hayakuhusu Jukwaani: Mbwa Aliyenifundisha Kufundisha

Kama unasoma ualimu kama mimi, Pavlov unamjua. Ni yule Mrusi wa mbwa na mate. Alikuwa anachunguza mmeng'enyo wa chakula, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, akagundua kwamba mbwa wake wanaanza kutokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia tu ishara waliyoizoea. Tunamkariri, tunamwandika kwenye mtihani, tunakwepa sapu, tunamsahau. Mimi mwaka wa kwanza nilimwandika vizuri sana na nikapata alama nzuri, wakati maishani mwangu sikuwahi kumgusa mbwa hata mmoja.

Nyumbani kwetu ni Pangani. Siyo ile ya Tanga yenye mto na bahari. Hii ni Pangani ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Mtaani mbwa wapo, lakini wengi ni wa ulinzi: mchana wanazurura, usiku wanabweka. Kwetu mbwa haingii ndani. Bibi ni mtu wa swala tano, na mate ya mbwa kwake ni najisi, hakuna mjadala.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka wa kwanza tulikuwa vijana wanane wenye kikundi cha maigizo. Bumu limekwisha, kazi hakuna, uwanja upo. Mtaalamu wa mifugo wa eneo letu akatuomba tuandae igizo la kuhamasisha watu walete mbwa wao kuchanjwa, lichezwe tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tukakubali kabla ya kufikiri. Kazi zilipogawanywa, mimi kwa kuwa "nimesoma saikolojia" nikapewa mbwa.

Haya ninayoyaandika ni somo la namna ya kufanya kazi na mbwa kama mwigizaji mbele ya watu. Atakayetaka kuandaa igizo la namna hii ayachukue kama mwongozo. Lakini wewe unayesubiri kwenda mazoezi ya kufundisha, soma mpaka mwisho, maana na wewe yanakuhusu.

Kwa nini mbwa wa kweli?

Swali hili tuliulizwa na kila mtu. Si mmoja wenu avae gunia atambae kwa miguu minne, watu wacheke, mambo yaishe?

Tanzania tuna historia ndefu ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Kina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi hiyo Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msingi wake ni kwamba wanakijiji wenyewe ndio wanaosema tatizo lao ni nini; msanii haji na jibu mfukoni. Na sisi tukapita nyumba kwa nyumba kuuliza: siku ya chanjo ikitangazwa, mbona mbwa hamleti? Tulitegemea kusikia habari za pesa au imani. Jibu tulilolipata mara nyingi lilikuwa fupi: "Nitamshikaje?"

Ukweli ndio huo. Mbwa wa mtaani kwetu hajawahi kuvaa kamba. Anamjua mwenye nyumba kama sauti ya usiku na sufuria la makombo. Siku moja tu kwa mwaka unamvamia, unamfunga kamba, unamburuta kwenye kundi la watu na mbwa wengine wasiojuana. Lazima agome, na pengine aume. Mtu aliyevaa gunia hawezi kuonyesha jinsi mbwa anavyoshikika. Anaweza kuchekesha tu. Tulihitaji watu waone kwa macho yao mbwa wa kawaida, wa mtaa huohuo, akitulia mbele ya watu wakati anasogelewa na bomba la sindano.

Hiyo ni kanuni ya kwanza: usimpandishe mnyama jukwaani kwa sababu anapendeza. Mpandishe kama kuna jambo ambalo bila yeye halisemeki. Kama linasemeka bila yeye, mwache alale kivulini kwake.

Mpe kazi anayoiweza

Kabla ya kutafuta mbwa nikaingia maktaba. Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ana tamthilia nyingine ya miaka ya 1590 hivi iitwayo The Two Gentlemen of Verona. Humo mtumishi mmoja, Launce, anaingia na mbwa wake Crab. Launce analalamika kwamba anaondoka safari, nyumba nzima imelia, hata paka ana huzuni, lakini mbwa huyu hajatoa chozi hata moja. Ukiangalia vizuri, Crab hatakiwi kufanya chochote. Akipiga miayo, watu wanacheka. Akijikuna, watu wanacheka zaidi. Akimtazama Launce kwa upole, inakuwa kama anajibu. Mwandishi amempa mbwa kazi ambayo mbwa hawezi kuikosea, kazi ngumu yote ameibeba binadamu.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 1976 ukumbi mmoja wa maigizo katika jimbo la Connecticut ulikuwa unaandaa Annie, igizo la nyimbo kuhusu mtoto yatima na mbwa wake Sandy. Kazi ya kumtafuta na kumfundisha mbwa akapewa kijana mwanagenzi, William Berloni, ambaye hakuwa amefika hata miaka 21. Alimpata Sandy kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, kwa dola zisizofika kumi. Mbwa mwenyewe alikuwa ametendewa vibaya na aliogopa watu. Mwaka uliofuata igizo likahamia Broadway, New York, na mbwa yuleyule akacheza huko kwa miaka. Berloni akaifanya hiyo kuwa kazi ya maisha, na mwaka 2011 alipewa heshima na waandaaji wa Tuzo za Tony. Msingi wa kazi yake unaelezeka kwa maneno machache: mwigizaji anayeitwa rafiki wa mbwa jukwaani, lazima awe rafiki yake kweli nje ya jukwaa. Amlishe, acheze naye, amtembeze. Mbwa haigizi mapenzi.

Tukaandika igizo kwa kufuata hayo mawili. Kazi ya mbwa wetu ilikuwa tatu tu: aingie akiwa na kamba, alale mahali pake, abaki hapo mpaka aambiwe ainuke.

Kandambili

Mbwa tulimpata kwa babu mmoja jirani, mlinzi wa usiku. Nilimkuta kibarazani anakunywa kahawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuazima mbwa, nimeshasikia. Anaitwa Hayakuhusu."

"Hayakuhusu?"

"Watu wakipita wanauliza, babu, mbwa wako anaitwa nani? Nawajibu, Hayakuhusu. Wengine wananuna mpaka leo."

Hayakuhusu alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha, mpole kwa watu anaowajua. Wiki ya kwanza nikaanza mazoezi kwa akili yangu yote ya mwaka wa kwanza, yaani bila akili. Nilimvuta kwa kamba, nikamkandamiza mgongo alale, akasimama, nikamkandamiza tena. Siku ya tatu akala ugali tuliouweka kama kifaa cha igizo. Nikavua kandambili nikamchapa nayo. Siyo kwa nguvu, lakini nilimchapa.

Hayakuhusu hakuniuma wala hakubweka. Aliondoka tu. Siku tatu mfululizo akiniona anazunguka nyuma ya nyumba. Nikaenda kwa babu kulalamika kwamba mbwa wake hafundishiki. Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, mbona umemfundisha vizuri tu. Umemfundisha kukukimbia."

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa mbwa. Wiki chache kabla nilikuwa kwenye mazoezi yangu ya kwanza ya kufundisha, katika shule nisiyoitaja. Siku ya kwanza ofisini nilikabidhiwa vitabu, chaki na fimbo, kana kwamba ni seti moja. Darasani kulikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye kila nikimwambia asome kwa sauti anasimama kimya. Mara ya tatu nikaona ananidharau mbele ya wenzake. Nikamchapa viboko viwili mkononi. Kesho yake hakuja. Alirudi baada ya siku mbili, akahamia dawati la nyuma kabisa, na mpaka namaliza mazoezi yangu hakuwahi kunitazama usoni. Kwenye ripoti yangu nikaandika kwamba nidhamu ya darasa ilikuwa nzuri.

Kumbe na yeye nilimfundisha vizuri tu.

Gunia, ulimi na dagaa

Nikafungua tena madaftari, safari hii nikitafuta jibu. Skinner alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na jambo jema hurudiwa. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, miaka ya 1940 walianza kutumia maarifa hayo kufundisha wanyama wa maonyesho, na wakatumia mlio mfupi kumjulisha mnyama kwamba "hilo hasa ndilo nililolitaka". Mlio una faida moja: unafika kwa wakati. Chakula kinachelewa. Mpaka utoe dagaa mfukoni, mbwa ameshageuka kujikuna, na wewe umempa zawadi ya kujikuna.

Huhitaji kwenda mbali kuiona njia hii. Fuata barabara ya Morogoro kutoka Kibaha mpaka Chuo Kikuu cha Sokoine. Pale shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya anafundishwa kwamba mlio wa "tik" maana yake chakula kinakuja, kisha anaanza kulipwa kwa kila hatua sahihi, ndizi au karanga. Magawa, panya aliyefundishwa Tanzania, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 nchini Kambodia na akapewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Hakuna panya anayechapwa pale. Ukimchapa panya akaacha kukuonyesha bomu, atakayeumia si yeye.

Sisi hatukuwa na kifaa cha mlio, nikatumia ulimi. Siku ya kwanza nilikaa chini mbali kidogo na Hayakuhusu, napiga ulimi, narusha kipande cha dagaa. Napiga, narusha. Sikumwomba chochote. Siku ya pili, nikipiga ulimi tu anageuka kunitazama. Pavlov huyo, mbele ya macho yangu, mwaka mmoja baada ya mtihani.

Kisha nikatandika kipande cha gunia. Zoezi likaenda hivi:

Kwanza, akitazama gunia: ulimi, dagaa.
Pili, akiligusa kwa mguu mmoja.
Tatu, akisimama juu yake kwa miguu yote minne.
Nne, akilala juu yake mwenyewe, bila kushikwa.
Tano, akilala kwa kuhesabu mpaka tatu, halafu kumi, halafu thelathini.
Sita, mimi nikisogea hatua moja mbali, halafu tano.

Hatua haipandi mpaka iliyotangulia imekaa. Akikosea mara mbili mfululizo, kosa ni langu: nimeruka hatua. Narudi chini, namalizia na kitu anachokiweza, tunafunga. Kila kipindi dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, asubuhi na jioni jua likiwa limepoa. Na ukiongeza ugumu wa aina moja, punguza mwingine. Siku niliyoongeza umbali na muda kwa pamoja, aliinuka akaenda zake.

Faida ya gunia ni kwamba linabebeka. Mbwa akishajua kwamba gunia ni mahali pa amani na dagaa, unaweza kulitandika uani, chini ya mwembe, katikati ya uwanja. Hajui kwamba sasa hivi ni jukwaa. Anajua ni gunia lake.

Ngoma na vigelegele

Mbwa anayetulia uani si lazima atulie mbele ya watu. Masikio yake yanasikia kuliko yetu, na igizo la uswahilini bila ngoma, makofi na vigelegele si igizo. Tukampeleka mpigaji ngoma upande wa pili wa uwanja, apige taratibu, huku Hayakuhusu akiwa kwenye gunia anakula. Kila siku ngoma inasogea hatua chache. Akiinua kichwa tu, tunaendelea. Akiacha kula, tunarudi nyuma, maana mbwa mwenye hofu hali.

Hapo ndipo nilipojifunza kumsoma. Mbwa hasemi "nimechoka", lakini anasema. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anageuza uso, anabana mkia, anainua mguu mmoja wa mbele. Zamani ningesema anajifanya mjeuri. Sasa nikiona mawili kati ya hayo, zoezi limekwisha. Mnyama hakusaini mkataba na sisi. Hakuomba kuigiza. Kwa hiyo haki yake ya kukataa lazima tuilinde sisi, na tukaiweka hata kwenye igizo: njia ya kutokea ilikuwa wazi muda wote, hakuna mtu anayesimama hapo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata isingekuwepo, mbwa aliyebanwa kona ndiye anayeuma.

Mate, swala na usalama

Pwani huwezi kuleta mbwa kwenye mkusanyiko bila kuzungumza habari ya najisi, na ukilikwepa jambo hili umepoteza nusu ya watazamaji kabla hujaanza. Sisi wengi hapa tunafuata madhehebu ya Shafii. Nikaenda kwa mwalimu wangu wa madrasa nikiwa na hofu, nikidhani atanifukuza. Akaniuliza maswali ya kazi: mbwa mkavu? Nguo kavu? Kimkavu kwa kimkavu hakuna tatizo. Ukiguswa na mate au unyevu wake, osha mara saba, moja iwe kwa udongo. Halafu akanikumbusha hadithi inayojulikana ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. "Najisi si ruhusa ya kumtesa," akasema.

Kwa hiyo tukajipanga. Mimi sikumlisha mkononi. Nilirusha dagaa kwenye gunia. Nilikuwa na nguo za mazoezi peke yake, ndoo ya maji na kopo la udongo pembeni. Anayeshika kamba kwenye igizo akawa mwenzetu Mkristo ambaye mate hayakumsumbua, naye akaanza kumlisha na kumtembeza kila siku ili wazoeane. Watazamaji wakakaa nyuma ya kamba, njia ya mbwa ikapangwa isipite karibu na wanaokwenda msikitini. Bibi alipoona nimejipanga hivyo, alisema tu, "Haya, lakini kandambili zako ziache nje."

Upande wa afya, Hayakuhusu alichanjwa wiki nne kabla, ili kinga iwe imejengeka. Bomba la sindano la kwenye igizo halikuwa na sindano. Watoto waliambiwa mapema wasirushe kitu, wasimshike, wasikimbie mbele yake. Na wote katika kikundi tulijua la kufanya mtu akiumwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Ndiyo maana kila mbwa ana hesabu yake, hata mwenye sikio lililokatika.

Siku yenyewe

Uwanja ulijaa. Igizo letu lilianza na mwenyekiti wa kubuni anayeuliza, "Mbwa huyu anaitwa nani?" Anajibiwa, "Hayakuhusu." Mwenyekiti anakasirika, ugomvi unaanza, watu wakaangua kicheko mpaka mpigaji ngoma akasahau zamu yake. Hayakuhusu akaingia na kamba, akaona gunia, akalala. Vigelegele vikapigwa. Akainua kichwa, akakirudisha chini. Mimi nilikuwa pembeni moyo unanidunda kuliko ngoma.

Kisha mwigizaji wa daktari akasogea na bomba. Hatua ya kwanza, ya pili, na mbwa akasimama, akashuka kwenye gunia, akavuta kamba taratibu kuelekea kwa watazamaji. Nilichokuwa nimesahau ni kitu kidogo sana: sikumwambia babu akae wapi. Alikuwa mstari wa mbele kabisa, na Hayakuhusu alikuwa amemwona.

Tulikuwa tumeandaa maneno ya akiba kwa ajili ya mbwa kugoma. Mshika kamba hakumvuta. Alimfuata, akasema kwa sauti, "Mwenye mbwa ndiye dawa yake. Babu, tusaidie." Babu akainuka na fimbo yake ya kutembelea, akaingia uwanjani kama mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima, akaokota gunia, akalitandika miguuni pake. Hayakuhusu akalala. Babu akainama, akamshika mkanda wa shingo kwa mkono mmoja, mwingine ukimpapasa ubavuni, akamwambia mwigizaji wetu, "Haya daktari, njoo kwa huku nyuma, usimjie usoni."

Uwanja ulikaa kimya. Katika igizo zima hapakuwa na sehemu iliyofundisha kuliko ile, na sisi hatukuiandika. Watu waliuliza "nitamshikaje?" wakajibiwa na mtu wao, kwa mbwa wao.

Baada ya hapo chanjo ya kweli ikaanza. Sitadanganya kwamba kila kitu kilikuwa shwari. Wapo waliobururwa, mmoja alikata kamba akatokomea. Lakini niliona mama mmoja amekuja na mbwa nyuma na kipande cha kanga chakavu mkononi. Alikitandika chini kwanza, ndipo akamwita mbwa wake.

Mtoto si mbwa

Nilipolisimulia hili kwenye semina moja chuoni, mwenzangu alisimama akasema, "Mtoto si mbwa. Usitufananishie wanafunzi na wanyama."

Ni kweli kabisa, mtoto si mbwa. Mtoto anauliza kwa nini, anakumbuka, anaona aibu, anajua maana ya kudhalilishwa mbele ya wenzake. Dagaa na mlio haviwezi kumfundisha mtoto kufikiri, na mwalimu anayeendesha darasa kwa pipi na nyota ana tatizo lake jingine. Lakini hoja hiyo inanikaba mimi, hainiokoi. Kama kiumbe asiyejua neno hata moja la Kiswahili sanifu alijifunza kutulia mbele ya umati bila kupigwa, mimi nina udhuru gani kwa kijana anayenielewa nikisema naye?

Katika ile tamthilia ya Shakespeare kuna sehemu ya baadaye ambayo niliirudia mara nyingi. Crab anajisaidia chini ya meza ya wakubwa, wanataka kumchapa, na Launce anasema ni yeye aliyefanya, akachapwa yeye badala ya mbwa. Ni kichekesho. Lakini ndiyo picha ya mwalimu ninayoitaka: mwanafunzi akishindwa, mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyemfundisha.

Mwaka uliofuata nilikwenda mazoezi ya pili, shule nyingine. Nako kulikuwa na msichana asiyesoma kwa sauti. Safari hii nikatafuta hatua niliyoiruka. Alianza kunisomea sentensi moja, tumekaa, wenzake wametoka. Kisha sentensi mbili kwa rafiki yake. Kisha aya, akiwa amekaa dawatini kwake, hakuna aliyelazimishwa kusimama. Wiki ya mwisho alisoma nusu ukurasa darasani, sauti ndogo, akakwama mara mbili, akaendelea. Si muujiza. Darasa zima lilisoma hivyo hivyo.

Yule wa kwanza sijamwona tena. Nimewahi kufikiria kurudi shuleni kwake kumwomba radhi, lakini atakuwa ameshamaliza kidato cha nne, au ameacha kabla.

Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula huu, mtakabidhiwa vitabu na chaki, na huenda fimbo. Mjue kwamba kanuni zetu zenyewe, zile za 1979 zilizobadilishwa mwaka 2002, zinasema kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa, kisizidi viboko vinne, na kiandikwe kwenye kitabu. Kushindwa kusoma si kosa kubwa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na barua ya mkuu hana ruhusa hiyo. Mimi sikuwa nayo. Pokea vitabu, pokea chaki, iache fimbo mezani, halafu ujiulize umeruka hatua gani.